Mbuzi Yangu ya Nazi

Baada ya uchaguzi, mimi na jirani yangu hapa Kigombe tulikuwa hatusemezani, kila mtu na chama chake. Yeye aliyezoea kuazima mbuzi yangu ya nazi kila siku, akaona afadhali ale mchuzi wa maji. Nami nikaapa sikanyagi kwake tena.

Mumewe alipofariki nikasikia kilio, kiapo nikakiacha nyumbani. Nikabeba mbuzi yangu, nikaenda kukuna nazi za wali wa msiba, uso nimeukunja.

Jioni mjane akaniita ndani.

"Shoga, yule mgombea wako amekuja kuzika?"

"Hakuja."

"Na wangu je?"

"Hata salamu hakuleta."

Akasogea, akanipa nafasi mkekani.