Programu Iliyomcheka Mama

Heri niukiri upumbavu huu mwenyewe kabla jirani yangu hajawafikishia akiwa ameutia chumvi: niliweka kwenye simu programu ya kuitafuta simu kwa kupiga makofi. Mimi Mfipa, ndani ya nyumba ya Wafipa.

Asiye wa huku huenda asilione kosa. Mtu mzima wa kwetu akikusalimu kwa heshima hakupi mkono. Anapiga goti, anakunja viganja kama anateka maji, kisha anavikutanisha taratibu, pu, pu, pu, na maneno yanafuata. Nawe unamjibu kwa makofi. Hayo niliyajua tangu nikiwa na kamasi, nikayaacha sekondari, ambako tulijifunza kwamba mtu mstaarabu anasema "mambo" na kuinua kidevu.

Kilichoniponza ni uvivu. Nashona sare za shule nyumbani kwangu, hapa Sumbawanga mjini: verandani kukiwa na jua, sebuleni kukiwa na upepo, maana yake sebuleni karibu mwaka mzima. Mke wangu anafundisha Mwimbi na hurudi mwisho wa mwezi. Watoto wako bweni. Mimi getini natoka kwa mambo mawili tu, kanisa na uzi. Simu yangu nayo ina tabia ya kuzama chini ya vitambaa, na kuinuka kwenye cherehani kuitafuta niliona ni safari.

Basi nikaona tangazo: piga makofi, simu itaitika. Nikapakua. Ikaomba isikilize kupitia kipaza sauti. Nikagusa Ruhusu. Ikaomba ifanye kazi hata kioo kikiwa kimezimwa. Ruhusu. Ikaomba iwe msimamizi wa kifaa. Sikujua maana yake, nikaruhusu vilevile. Nilivyoipa madaraka programu ile, mwenyekiti wa mtaa hana. Mwisho ikanitaka nichague sauti ya kuitikia: filimbi, mbwa, jogoo, au kicheko cha mtoto mchanga. Nikachagua kicheko. Nyumba ilikuwa kimya mno tangu watoto waende shule.

Wiki hiyohiyo mama akaja kutoka Kaengesa.

Macho yake yameingia ukungu, na masika yaliyopita aliteleza kizingitini na ndoo ya maji, akalala pale chini mpaka watu wanatoka misa. Tangu hapo mimi na mke wangu tulimbembeleza aje aishi nasi. Alikubali kwa masharti. "Nitakaa wiki moja niione nyumba," alisema. "Nikiona ni nyumba ya watu, nabaki. Nikiona sivyo, narudi kwangu, na msinisumbue tena." Akashuka na kifurushi cha nguo na unga wa ulezi ambao, kwa jicho langu la fundi, ulitosha wiki moja kamili.

Asubuhi ya kwanza alitoka chumbani akipapasa ukuta. Mimi niko kwenye cherehani, pini mdomoni, mguu kwenye pedali. Akapiga goti kama mgeni anayemsalimu mwenye nyumba, akapiga makofi, akanisalimu kwa Kifipa. Nikasema bila kugeuka, kupitia kwenye pini, "Shikamoo mama, umeamkaje."

Chini ya kitambaa cha kaki, mtoto akaangua kicheko.

Mama akainua uso. "Nani huyo?"

"Simu, mama."

"Inacheka nini?"

"Haicheki. Inasema iko wapi."

"Nani kaiuliza?"

Alipopita kwenda uani, nikabonyeza picha ya programu kwa kidole mpaka ikatetemeka, nikaiburuta juu palipoandikwa Ondoa, ikatoweka. Nikajipongeza. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba nilikuwa nimeng'oa kibao mlangoni nikadhani mpangaji amehama.

Siku ya tatu akaja jirani yangu kufuata sketi yake. Ni mama wa Mbeya, karani serikalini, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wangu. Akamwamkia mama shikamoo kwa adabu zote. Mama naye, kwa kuwa jirani ni mgeni aliyekuja wakati yeye yupo nyumbani, akajikokota mpaka mkekani, akapiga goti na kupiga makofi.

Simu ikacheka. Safari hii ilikuwa mezani, haina hata kitambaa cha kuizibia, na ilicheka mpaka ikapaliwa.

Jirani akanitazama kama mtu anayeangalia choo kilichoziba. Mama aliinuka polepole, akaingiza mikono yake miwili ndani ya khanga, na mikono ile haikutoka tena. Siku ya nne alinisalimu kwa mdomo tu, kama mtu aliyefika dirishani kwa karani. Siku ya tano vilevile. Na mimi, niamini, nilifurahi! Nilisema moyoni, afadhali, programu imetulia.

Siku ya sita nilimkuta ameketi kitandani, kifurushi kiko mapajani, anakaza fundo.

"Mama, vipi?"

"Kesho narudi kwangu."

"Mama, kule uko peke yako. Ukianguka tena?"

"Nitaanguka. Lakini kule hakuna anayenicheka."

Nilitoka mbio mpaka kwa jirani, kandambili moja mguuni. Alikuwa anaanika nguo. Aliponiona nje ya geti langu siku isiyo Jumapili aliacha shuka linaning'inia. "Kuna msiba?"

"Msiba utakuwepo kesho," nikamwambia, nikampa simu.

Akaingia kwenye Mipangilio, akafungua orodha ya programu, akashuka nayo kwa kidole. Ile pale, picha ya viganja viwili, imekaa kwa raha zake.

"Wewe uliondoa picha ya mbele tu, jirani. Mwenyewe yumo ndani." Akabonyeza Ondoa. Neno lilikuwa limefifia, halibonyezeki. "Hee! Uliipa usimamizi?"

"Iliomba kwa adabu."

"Na mwizi akibisha hodi kwa adabu, unampa ufunguo?"

Akaenda kwenye mambo ya usalama, akaivua programu madaraka yake yote, kipaza sauti na kila kitu, akarudi palepale. Neno Ondoa sasa lilikuwa limeng'aa. Akanirudishia simu. "Bonyeza mwenyewe, ushike adabu."

Nikabonyeza. Viganja vikafutika. Nikainua mikono nipige makofi nijaribu.

"Si hapa kwenye kamba yangu," akasema. "Kajaribie kwa aliyechekwa." Akanifuata, nadhani kwa kuhofia nitaharibu tena.

Mama alikuwa bado kitandani. Nikaweka simu sakafuni, nikapiga goti mbele yake. Magoti ya fundi hayakunjiki bila kulalamika. Nikapiga makofi.

"Viganja vimelala," mama akasema. Hakuniona, alisikia tu. "Hiyo ni ya mahafali. Kunja."

Nikakunja. Pu, pu, pu. Nikaanza salamu kwa Kifipa, nikafika katikati, maneno yakaniishia. Nilibaki nimeinama na viganja vyangu kama mtu aliyemwaga maji njiani. Mama akaimalizia ile nusu iliyobaki, taratibu, neno moja moja, nami nikayarudia nyuma yake kama alivyonifundisha zamani nikiwa mfupi kuliko jembe.

Simu ilinyamaza kimya.

Mikono ikatoka kwenye khanga. Imekonda kuliko nilivyodhani. Akapiga makofi, nikamjibu, akapiga tena, nikajibu tena, wala hakuonekana kuwa na haraka ya kumaliza. Kisha vidole vyake vikapapasa fundo la kifurushi, vikalilegeza, akatoa unga wa ulezi.

"Maji yako jikoni?" akauliza. "Na huu hautoshi. Utaagiza mwingine."

Niliinuka nikijishikilia ukutani, kifua mbele, nikamgeukia jirani aliyesimama mlangoni. Nikamwambia umeona sasa, kumbe programu ikiondolewa ipasavyo, mama anabaki.

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ile kandambili moja.

"Jirani, acha kuisingizia simu. Kila mama alipopiga makofi humu ndani, aliyekuwa anamjibu ni simu peke yake."