Waya Mweusi wa Gari la Amgalan

Shemeji yangu Purevdorj alisimama mbele ya waombolezaji akasema mkono wangu ndio uliomuua Amgalan. Alisema uongo, na alijua kuwa ni uongo. Nimenyamaza miaka sita. Mama yake Amgalan, mama Yanjmaa, tulimzika mwezi wa tatu mwaka huu, kwa hiyo sasa naweza kusema.

Mimi ni Dolgor, fundi umeme wa magari hapa Murun. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi, mwaka ambao mifugo ya ushirika iligawiwa watu na baba hakuwa na mtoto wa kiume wa kuchunga. Baba alikuwa dereva wa lori. Kila lilipoharibika, nami nikiwa nimerudi malishoni, nilimshikia tochi huku amejilaza chini yake. Ndivyo nilivyosoma mimi: waya upi unapeleka umeme, upi unaurudisha. Alikuwa na neno moja ambalo sijalisahau. "Usinunue kitu mpaka ugonjwa ukuoneshe uso."

Purevdorj alimwoa dada yangu. Dada alipofariki nilibaki kwenye gereji ya mumewe, makontena mawili karibu na soko, kwa ajili ya watoto aliowaacha. Purevdorj ni fundi mzuri wa breki na mzuri wa maneno. Umeme aliuogopa, akauficha woga huo kwa kuuza betri.

Amgalan alikuwa akibeba abiria kwa gari dogo la Kijapani lenye umri wa miaka ishirini na mitatu. Alikuja katikati ya baridi, miaka sita iliyopita, akilalamika kuhusu taa ya betri kwenye dashibodi.

"Dada Dolgor, hii taa ina wazimu. Nikiwa peke yangu inawaka. Nikimleta fundi inazima, kama mtoto anayeacha kulia akiona mgeni."

"Betri hiyo," alisema Purevdorj, hata boneti hajainua.

Amgalan akanunua betri. Baada ya wiki tatu akarudi.

"Kwanza nilikuwa na gari bovu," aliniambia. "Sasa shemeji yako amenipa gari bovu lenye betri mpya."

"Shukuru. Angalau una kitu kipya."

Nilipima alteneta, ile mashine inayochaji betri, pale uani, mita ikasoma volti kumi na nne na kidogo. Nzima kabisa. Fundi mwingine angeibadilisha hata hivyo. Mimi nilimuuliza taa inawaka lini. Akasema ni baada ya mwendo wa saa nzima, barabara ikiwa mbaya, feni ya joto inavuma na taa kubwa zimewashwa. Basi nikapitisha nyaya ndefu kutoka kwenye betri hadi dirishani, nikakaa kando yake na mita mapajani, tukaishika barabara ya mashimo upande wa uwanja wa ndege. Ilipita karibu saa moja bila kitu. Kisha namba zikaanza kushuka: kumi na tatu, kumi na mbili na nusu, kumi na mbili. Tukaruka shimo, zikapanda tena.

"Umeona? Umeona?" alipiga kelele, kama mtu aliyeshinda mieleka.

Nilimwambia asimame, asizime injini. Ncha moja ya mita niliigusisha kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Kati ya hapo na hapo mita haipaswi kusoma kitu, au kidogo tu. Yangu ilisoma zaidi ya volti moja. Nikatikisa waya mweusi mnene unaounganisha injini na betri, namba zikaanguka karibu na sifuri. Nikauachia, zikapanda. Ugonjwa ulikuwa umeonesha uso.

Sisi sote hufunika injini kwa blanketi la sufu wakati wa baridi. La Amgalan lilikuwa gumu kama ngozi iliyokauka, la manjano, linanuka maziwa yaliyochacha. Pale lilipoegemea boliti ya ule waya palikuwa na ukoko wa kijani na mweupe.

"Amgalan, mama yako ananyunyiza wapi maziwa ya baraka ukisafiri?"

"Kwenye boneti. Wenzake hunyunyizia magurudumu. Yeye anasema farasi hubarikiwa kichwani, si kwato."

"Maziwa yanapenya kwenye mwanya wa boneti, blanketi linayanywa, na waya unaoza. Mwambie ahamie kwenye magurudumu."

Aliacha kucheka.

"Simwambii, dada. Baba yangu alifia barabara hii hii. Hayo maziwa ndiyo yanayompa mama usingizi. Nawe usimwambie."

Nikamwahidi.

Gerejini nilichana ngozi ya waya. Ndani shaba ilikuwa imekuwa unga mweusi, nyuzi nane au tisa tu ndizo zilizobaki. Purevdorj alipochungulia nilimweleza kilichouozesha. Waya mnene kama ule hatukuwa nao. Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, na Amgalan alitaka kuvuka mlima akawachukue mkewe na watoto kwa wakwe zake, mwaka uwakute nyumbani. Nilimwambia asubiri hadi kesho yake saa sita mchana, akakubali. Kisha nikamgeukia Purevdorj.

"Shemeji, gari hili lisitoke mpaka nirudi na waya."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Asubuhi nilikwenda kwa wavunja malori, nikarudi saa sita kasoro na waya umenizunguka shingoni. Mahali pa gari palikuwa na gari jingine.

"Liko wapi?"

"Nimekaza boliti, taa ikazima," alisema Purevdorj. "Watu wanangoja nafasi, wewe unafuga gari moja siku mbili."

"Amgalan umemwambia nini?"

"Kwamba Dolgor amemaliza. Amekuachia salamu."

Nilipiga simu ya Amgalan, haikupatikana. Nikamwomba Purevdorj tumfuate.

"Tumfukuzie mtu ambaye gari lake limepona? Mwanamke wewe, pumzika."

Upepo ulishuka mlimani jioni ile. Amgalan alikutwa siku ya pili amekufa kwa baridi, kilomita mbili mbele ya gari lililozimika, nguo mpya za watoto zikiwa kifuani ndani ya joho lake. Gari lilipovutwa hadi mjini niliinua boneti. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, umepinda pale spana ilipoulazimisha, na alama ya spana ilikuwa bado inang'aa.

Msibani watu waliuliza gari lilitengenezwa na nani. Purevdorj akajibu kabla yangu. "Umeme ni kazi ya Dolgor. Hata darasa la nne hakumaliza. Nilimwamini kwa sababu ni ndugu."

Nilifungua mdomo. Nikamwona mama Yanjmaa kando ya jiko, ameshika kile kijiko cha mbao cha kunyunyizia maziwa, hajui akiweke wapi. Najua watu wetu. Wangeuliza waya uliozeshwa na nini. Nikaufunga mdomo.

Mwezi Mweupe uliofuata nilikwenda kumsalimu, nikanyoosha mikono niishike yake kwa chini, kama mdogo anavyomfanyia mkubwa. Yake aliiacha ndani ya mikono ya joho.

"Mikono hiyo?" alisema.

Miaka mingine hakusema hata hilo. Nilikwenda kila mwaka.

Alipozidiwa na ugonjwa nilimfuata Purevdorj.

"Shemeji, mama Yanjmaa anakwenda. Mwambie."

"Nimwambie maziwa yake yalikula waya? Mwambie wewe, mdomo unao."

"Maziwa usiyataje. Waya ulikuwa mbovu na gari lilikuwa limesimama. Aliyelitoa ni wewe. Mwambie hilo tu."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Mambo ya zamani hayo, Dolgor."

Mama Yanjmaa alikufa akiamini ni mimi. Deni hilo halilipiki tena. Lakini Amgalan ameacha mjane, Otgon, na watoto wawili, na yule mkubwa, Temuge, huvuka barabara akiniona. Kwao ndiko Purevdorj anakodaiwa, na wala si maneno mengi. Aende mchana, majirani wakiwapo, aseme: "Dolgor alikataza gari lisitoke. Mimi nililitoa, na nikamwambia baba yenu limetengenezwa."