Milingoti ya Chemchemi

Mpaka leo nikiona mlingoti damu inanichemka. Najua mti hauna kosa, lakini ndivyo nilivyo.

Enzi zile za shida, hata sabuni ni ya foleni, bwana miti wa wilaya alituletea miche ya milingoti, wengine huiita mikaratusi, kijijini kwetu, upande wa Butiama. Utakuwa msitu wa kijiji, alisema, faida ya wote: nguzo, kuni, mpaka mvua. Akaonya kwamba atarudi kukagua, na miche ikifa tutamtambua. Sasa ungefanya nini? Kina mama, mama yangu akiwa mbele, waliipanda mahali ambapo isingekufa: kuizunguka chemchemi yetu. Bwana miti aliporudi akapiga makofi. Mtaalamu mzima, amesomea miti, hakututamkia kwamba mlingoti unanywaga maji kama ng'ombe wa kiangazi!

Miti ikapanda, maji yakashuka. Tulianza kuchota kwa ndoo, baadaye kwa kata, mwishowe tukawa tunakwangua tope. Mimi na mama tukawa tunatoka alfajiri kufuata maji kijiji cha pili, tunarudi jua limeshakuwa kali, shingo zimekakamaa. Mama akaomba milingoti ikatwe. Akaambiwa huo ni msitu wa umma, akigusa hata tawi atafungwa. Jamani! Kufikia wakati huo foleni zimekwisha, kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, maduka ya watu binafsi ruksa, na tajiri mmoja wa Musoma mjini alipewa kibali akasomba nguzo kwa lori kutoka msitu wa jirani zetu. Kwa mama tu ndiyo ruksa iliisha.

Siku moja bwana miti alikuja kukagua, akapita kwetu jasho likimtiririka, akaomba maji. Kwetu mgeni akiomba maji anapewa. Mama alimmiminia kikombeni yaliyobaki mtungini.

"Kunywa, mwanangu. Yalikuwa ya ugali wa jioni."

Akanywa yote. Yote! Akajifuta mdomo. "Asante, mama. Ila ile miti msiiguse."

Mama akakitazama kile kikombe ndani. Halafu akachukua shoka, akashuka chemchemini mchana kweupe, bwana miti nyuma yake anapiga kelele. Aliangusha mlingoti mmoja tu, mgambo wakamkamata, akapelekwa mahabusu Musoma.

Alipoachiwa nilimkimbilia nikilia, nikamuuliza kama walimtesa.

"Hapana," alisema. "Kule wanakuwaga na bomba. Nimekunywa mpaka nikashiba."