Nguo ya Mbio ya Shangazi Zuwena

Sie tuliosoma Ibra, Omani, siku zile shule ya wasichana ingali inanukia rangi na saruji, tunajua michezo ilikuwaje. Ulicheza na marinda yako ya shule mpaka kifundoni, mkono mmoja umeshika mpira, mmoja umeshika mtandio. Ukikimbia unajikwaa, ukirusha nguo inachanika kwapani, na nyumbani unapigwa kwa kuchana nguo. Basi ndivyo tulivyocheza, na tukipenda.

Shangazi yangu Zuwena, dada yake baba, alichoka kunishonea kwapa kila wiki. Unguja alikuwa fundi wa nguo za kike, na cherehani yake ya mkono alikuja nayo Omani. Akaenda sokoni akanunua fulana za ndani za wanaume, zile nyeupe, akazifumua zote. "Kitambaa hiki kinavutika," aliniambia. "Mwili ukenda, na chenyewe kinakwenda." Akazitia rangi ya buluu ndani ya sufuria ya pilau, na wali wa Ijumaa ile tuliula na rangi yake. Akashona shati refu hadi magotini, lina mpasuo ubavuni, na kwapani akatia kipande cha pembe nne ili mkono unyanyuke bila ya kuvuta. Suruali akaitia lastiki kiunoni na miguuni. Mtandio akaushona pamoja na shingo ya shati, usipeperuke. Nilipoivaa niliuzunguka ua mbio, kuku wakakimbilia jikoni, na yeye kakaa kizingitini na pini mdomoni, anacheka.

Majirani zetu, watu wa Ibra wenyewe, wakituita Zinjibari, yaani watu wa Zanzibar. Walipokuja kuchungulia nilidhani watatusema. Mama yake Shamsa, msichana niliyesoma naye darasa moja, akaigeuza nguo ndani nje, akauliza kwa Kiarabu, "Ya binti yangu utanishonea lini?" Tokea hapo kila alasiri ua wetu ukijaa wanawake na fulana za waume zao.

Mashindano ya mbio yalikuwa ndani ya ukuta wa shule, wanawake peke yao, hata bawabu akitolewa nje. Mbio nikizijua mimi, na nilikuwa silali kwa kuingoja siku hiyo. Baba alikuwa kazini Abu Dhabi, kwa hivyo mwenye kauli nyumbani ni ami Seif, kaka yao mkubwa. Asubuhi ile akaiona nguo kambani. Ami huyu huyu, Unguja, ndiye aliyewafundisha dada zake kupanda baiskeli. Tulipofika Ibra akaingiwa na khofu ya kuambiwa kuwa sie si Waarabu kamili.

"Hapa si Unguja, Zuwena," alisema. "Watu watasema nini?"

"Watu gani, kaka? Watoto wao wote nimewashonea mimi."

Ami aliingia ndani, akatoka na mkasi wa shangazi mwenyewe, akaikata nguo mbele ya macho yake.

Nikakatazwa kwenda, nikabaki nyumbani. Shule haikuwa mbali, nikisikia vigelegele. Jioni Shamsa, niliyekuwa nikimshinda kila siku, akaja kunionesha chupa ya chai aliyopewa zawadi, naye kavaa nguo ya shangazi yangu. Nilimchukia, na maskini hakunikosea kitu.

Shangazi hakushona tena nguo ya mchezo. Vile vipande tulifutia vyombo mpaka vikachakaa. Cherehani yake iliishia kwenye foronya na mapazia, akafa, na hapana aliyemtaja kwa ufundi ule.

Leo anayekimbia ni Raya, mjukuu wake ami Seif. Ana viatu vya kila rangi, na ana saa mkononi ya kumwambia kuwa kachoka. Sie tukijijua kwa kuhema. Ami, mzee wa fimbo sasa, kila Raya akishinda anawapelekea picha yake jamaa wote kwenye simu, na mashaallah zisizokwisha.

Idi iliyopita Raya alikuja kunipa mkono, kavaa nguo mpya ya mbio kutoka duka kubwa la Maskati. Shati refu, mpasuo ubavuni, mtandio umeshonwa na shingo. Nikamnyanyua mkono nikamtazama kwapani. Kipande cha pembe nne.

"Shangazi, zamani nyinyi hakuna nguo kama hii, miskini," akaniambia kwa Kiswahili chake cha nusu.

Ami alikuwa kakaa papo hapo, kasikia. Akanyoosha kikombe nimuongeze kahawa, nami nikammiminia, na mpaka leo sijamsamehe.