Muthoni wangu (shemeji) aliua betri za gari ya madam, mimi nikaitwa mwizi

Admin ficha jina yangu. Naandika polepole, mnisamehe.

Niko na miaka hamsini na mbili. Bibi yangu alikufa miaka sita imepita, akaniachia msichana mmoja. Shule niliachia darasa la tano. Nimechuma majani chai Kibugu, nimechimba vyoo, nimebeba mawe. Kazi siogopi.

Kuna madam ako na kambi ya wageni karibu na msitu. Aliniandika nifyeke nyasi. Halafu akanunua van mpya, ile iko na kitanda, sinki na jiko ndani, wageni wanalala huko huko. Ilikuwa mpya lakini ilikuja na magonjwa. Dirisha ya juu inavuja. Pampu ya maji inanguruma hata kama mfereji umefungwa. Taa zinazima zikitaka. Fundi alikuwa anatoka mbali na hakuji. Nikaanza kuangalia mwenyewe. Dirisha nikatoa skrubu, nikapaka silikoni upya. Pampu nikapata ni paipu haikukazwa, inavuta hewa. Taa ilikuwa ni waya imefungwa juu ya rangi, stima haipiti, nikakwaruza mpaka chuma, ikawaka. Madam akaniambia, "Mzee, kutoka leo hii gari ni wewe unaangalia."

Hiyo gari iko na betri mbili za taa na friji, kando na ile ya kuwasha injini. Nilizichunga kama ng'ombe. Nikaziandika 1 na 2 na rangi nyeupe. Kila Jumatatu nafungua vifuniko naongeza maji ya betri, ile ya dukani, si ya mto. Vichwa, pale waya zinafungwa, napaka grisi. Napima. Volti kumi na mbili nukta saba, imejaa. Ikienda chini ya kumi na mbili, inarudi kwa chaja. Betri ya hivyo ukiimaliza moto, yaani chaji, kabisa mara tatu nne, imekufa. Ndio maana kuna kidude inakata moto ikishuka sana.

Sasa muthoni wangu. Ni ndugu ya marehemu bibi yangu. Hakuwa na kazi, mimi ndio nilimwombea kwa madam akawekwa kwa geti. Siku moja akakuja kwangu amevaa koti.

"Muthoni, kanisa iko na mkutano Gachoka na kwa uwanja hakuna stima. Nipe hizo betri za spika. Jumapili jioni zimerudi."

"Hizo si zangu."

"Kwani nimekuja kuchukua ng'ombe? Ni betri tu."

Kwetu muthoni akivaa koti akuje kuomba, huwezi mnyima. Madam alikuwa safari. Nikazitoa na sanduku yake na kile kidude, nikampa. Hapo nilikosa, nakubali. Nikamwambia kitu moja tu. "Spika ikizima yenyewe usilazimishe. Betri imechoka."

"Sawa, fundi."

Zikarudi, nikazichaji, nikanyamaza. Sikujua alikuwa anarudi kuzichukua kila Jumamosi nikienda nyumbani. Jumatatu nikizipata chini nilidhani ni wageni, naziweka kwa chaja.

Baada ya mwezi wageni wakakosa taa, friji ikakufa. Nachaji, hazishiki. Nikafungua sanduku ya betri mpaka chini, mahali sikuwa naangalia Jumatatu. Kile kidude cha kukata moto kilikuwa kimerukwa na waya, moto ipite kando, imefungwa na tepu nyekundu. Ndio spika isizime.

Madam akatuita sisi wawili. "Nani alishika hizi betri?"

Nikamwangalia muthoni. Akavua kofia.

"Madam, mimi ni wa geti, betri najua nini? Fundi ni huyu. Lakini nilishamwona siku moja akizitoa."

Ni ukweli aliniona. Si alikuwa amesimama hapo akingoja nimpatie!

"Ulizitoa?"

"Ndio."

"Ukapeleka wapi?"

Muthoni sikumtaja. Ruracio ya msichana wangu, ile siku ya mahari, iko mwezi ujao. Watu wa kijana anamwoa wanatoka Meru. Kwetu mjomba asipokaa hapo apewe mbuzi yake na abariki, wazee hawaendelei. Na mjomba wake ni huyu tu.

Nikafutwa siku hiyo. Wiki haikuisha, muthoni akapewa kazi yangu. Sasa hapa Kianjokoma nikiomba kibarua naambiwa, "Si ni wewe ulikuwa unauza betri za madam?"

Mama mmoja wa kwaya yao alinihurumia, akanitumia picha. Mikutano minne. Betri ziko chini ya meza ya spika, 1 na 2 zinaonekana, muthoni amesimama kando na Biblia. Nikaonyesha msichana wangu. Akalia. "Baba, nyamaza mpaka ruracio ipite. Nakuomba."

Juzi muthoni akanipigia. "Hii betri mpya inanuka kama mayai imeoza. Ni kawaida?" Alikuwa ameacha chaja siku tatu. Nikasikia kwa simu wageni wakiongea huko ndani ya gari wanataka kuwasha jiko wapike chai.

Ningekata simu. Sikukata. Nikamwambia, "Zima chaja. Jiko isiwashwe, hiyo ni gesi ya betri, inalipuka. Toa watu, fungua milango yote."

Jioni akapiga tena, anacheka. "Madam amesema nimekushinda ufundi!" Pole hakusema.

Picha ziko kwa simu yangu. Namba ya madam iko. Nikituma, msichana wangu atakosa mjomba siku yake. Nikinyamaza, huyo mtu atakaa mbele kwa boma yangu, nimshikie kamba ya mbuzi nimpe, na mimi ndio mwizi. Na wageni wanaendelea kulala kwa gari inaangaliwa na mtu hajui harufu ya hatari.

Hata leo asubuhi amenipigia, sijashika.

Nyinyi mko na watoto, mko na wathoni. Nitume hizo picha ama ninyamaze? Niambieni, nitasoma zote.