Haragwe la Chini ya Kitanda

Juzi nimeona haragwe limechipua nyuma ya gunia jikoni, refu, jeupe, nikakumbuka Mutakura, mtaa nilikokulia. Mwalimu alitupa kila mtoto maharagwe mawili: moja tuliweke dirishani, lingine gizani. Langu la gizani, chini ya kitanda, kwenye harufu ya pamba iliyolowa, lilirefuka zaidi. Nikaamini giza linakuza. Kumbe mche ule ulikuwa unahangaika kutafuta mwanga.

Mchana mmoja risasi zilipolia, tulijificha chini ya kitanda hicho. Ziliponyamaza, mdogo wangu alitaka kunifuata kucheza.

"We bakia uku, utakuwa murefu."

Niliporudi jioni alikuwa bado amejikunja kule.

"Yaya, nimekuwa murefu?" akaniuliza mimi mkubwa wake.

"Sana," nikamjibu.

Kesho yake, bila risasi yoyote kulia, akaingia mwenyewe.