Jibu Lile Si Lako

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu Rehema, nikiendesha baiskeli kutoka kijijini kwetu Ulaya kwenda Kilosa mjini, barabara kimya, ungedhani dunia nzima imelala ikaniachia mimi njia. Nilikuwa nakwenda kwenye duka la intaneti la Mama Salima kuangalia kama nimechaguliwa chuo cha uuguzi. Baba alishasema kwamba nisipochaguliwa, anapokea posa iliyotoka Mvumi. Mwenye posa hakuwa mtu mbaya, ila mimi nilishajiona ndani ya gauni jeupe la muuguzi.

Nikaandika namba yangu, nikabonyeza. Ukurasa ukaja upesi, kana kwamba ulikuwa unanisubiri: "Hukuchaguliwa kujiunga na uuguzi." Sikulia. Nilimshukuru Mama Salima, nikatoka. Baiskeli niliikokota tu, nikiitazama milima ya upande wa Mikumi inavyoelea juu ya ukungu, nikaanza kujizoesha kuitwa mke wa fulani. Niliumia, mwanangu, niliumia sana.

Nilishayapita mashamba ya ufuta niliposikia mtu anakimbia nyuma yangu, anahema.

"Dada! Dada wa Ulaya! Jibu lile si lako!"

Alikuwa Jumanne, mtoto wa kaka yake Mama Salima, fundi wa kompyuta pale dukani, kandambili zake kazishika mkononi. Tukarudi pamoja, akanieleza njiani. Mtandao wao ulikuwa mzito, kwa hiyo aliweka mashine ya kati inayotunza nakala ya kila ukurasa uliofunguliwa, ili mwingine akiuomba apewe nakala hapo hapo. Sasa, kila anwani ya majibu ilikuwa na mkia, na kwenye mkia ndiko ilikokaa namba ya mwombaji. Jumanne aliona mikia hiyo inamchelewesha bure, akaandika kanuni ya kuikata. Mashine ikaziona anwani zote ni moja, ikawa inampa kila mtu jibu la msichana wa kwanza kufika asubuhi ile. Hakuna aliyeshtuka hadi alipokaa binti aliyeomba ualimu, akajibiwa uuguzi!

"Shangazi kanisema mbele za watu," Jumanne alisema, macho chini. "Kaniambia, 'Mtu hajamaliza kuuliza, wewe ushamjibu? Kamrudishe yule wa baiskeli.'"

Nikaandika tena namba yangu. Safari hii ukurasa ulikuja polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayeamka usingizini. Nilikuwa nimechaguliwa. Hapo ndipo nilipolia. Yule msichana wa kwanza, ambaye jibu lile lilikuwa lake kweli, sikuwahi kumjua, na hadi leo namfikiria.

Kesho unaanza kazi zahanati, huko Mikumi. Foleni itakuwa ndefu, nawe utakuwa umeshasikia "kichwa kinaniuma" mara nyingi hata jibu likutangulie mdomoni. Usimkatie mtu maneno. Lile analolisema mwisho, akiwa ameshashika mlango, mara nyingi ndilo lililomleta. Na ukigundua umempa mtu jibu la mwenzake, usione haya. Vua kandambili, umkimbilie.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie subira ya kumsikia kila mtu hadi mwisho, na siku utakayopewa jibu lisilo lako, akuletee wa kukukimbilia barabarani.